Kinyozi Aliyeitwa Kamusi

Kuna watu wakiulizwa njia wasiyoijua husema hawaijui, wakaendelea na shughuli zao, na mbingu haianguki. Kinyozi wetu hakuwa mmoja wao. Siku moja mgeni aliyekuwa akiwahi mazishi alisimama mlangoni pake akauliza njia ya makaburini. Mji ule una makaburi sehemu nne, na kinyozi hakujua ni yapi yanayotakiwa, lakini alitoka nje na wembe wake mkononi akamwelekeza kona zote, shika kushoto, pita ukuta wa bluu, vuka reli, kama mtu aliyezipima barabara zile kwa kamba. Mgeni wa watu alifika akakuta mazishi kweli, akajipanga na wafiwa, akalia sana, na alipoinua uso kumpa pole mjane akagundua hamjui mjane wala marehemu.

Habari ile ilimfikia mke wa kinyozi, na mkewe si mtu wa kusahau. "Wewe, mume wangu," alimwambia, "hata ukiulizwa njia ya peponi utaelekeza."

Ndivyo alivyokuwa. Miaka hamsini na minane alikuwa ameishi bila neno "sijui" kupita midomoni mwake, na watu wa mtaa, badala ya kumcheka, wakampa heshima yake. Walimwita Kamusi. Ukibishana na mwenzako juu ya jambo lolote, urefu wa mto fulani au dawa ya chunusi, mlikwenda kwa Kamusi, naye akiwa amekikamata kichwa cha mteja kwa mkono wa kushoto alitoa hukumu, na hukumu ikakubaliwa. Mara nyingi alipatia, maana alikuwa na akili na masikio makubwa. Alipokosea, nani angejua?

Kiingereza chake alikipata kwa masikio hayo hayo. Ujanani alinyoa wageni katika hoteli moja kubwa kwa miaka tisa, na mtu anayenyolewa huongea, hata awe mkimya namna gani. Kamusi alisikiliza. Aliokota semi za Waingereza kama mtu anavyookota vifungo barabarani, kimoja leo, kimoja kesho, bila kujua kimeanguka kutoka shati gani. Alipofungua duka lake mwenyewe la kunyolea, chumba kirefu chenye viti vitatu vya kuzunguka, benchi moja, na kioo kilichoenea ukuta mzima, alikuwa na vifungo tele na hana shati hata moja.

Hapo ndipo darasa lilipoanzia. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja jioni, alifagia nywele, akageuza kibao cha mlangoni, na watu wazima saba au wanane wakaingia na madaftari yao. Hakuwatoza kitu. Malipo yake yalikuwa kuitwa Mwalimu, na niwaambieni ukweli, aliyapenda malipo hayo kuliko noti. Aliwafundisha wakiwa wamekaa vitini na kwenye benchi, nyuso kwenye kioo, ili kila mtu auone mdomo wake unavyohangaika. "Kiingereza kiko midomoni," aliwaambia. "Mdomo ndio mwizi wako, mwangalie." Kisha mwisho wa kila somo alichovya kidole kwenye povu la kunyolea akaandika juu ya kioo usemi mmoja wa Kiingereza, akauita usemi wa leo. Wanafunzi wakaunakili kabla haujachuruzika.

Mwanafunzi wake bora alikuwa mama mmoja mfua mashuka. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza chini ya ardhi, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kati ya mvuke na dawa za kung'arisha. Darasani walimwita Mama Shuka, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Mwaka ule kifua chake kilikuwa kimeanza kugoma. Alikohoa akipanda ngazi, akakohoa akicheka. Daktari alimwambia kwa ufupi: "Chagua, mama. Mvuke au pumzi." Kuchagua ni rahisi kwa mwenye vya kuchagua. Yeye alikuwa na watoto wawili na mama mzazi kitandani, na kazi nyingine hakuijua. Ndipo hoteli ikatangaza nafasi moja mapokezini, juu, kwenye hewa na madirisha. Wafanyakazi wa ndani waliruhusiwa kuomba. Sharti lilikuwa moja tu: Kiingereza.

Kwa hiyo mnaona mama huyu hakuja kwa Kamusi kujifurahisha. Alikuja kutafuta pumzi.

Jumatatu ya wiki ya usaili, Kamusi aliandika kwa povu usemi ambao Waingereza huutumia jambo likiwa na hakika ya kufanikiwa. Wanasema jambo hilo limo mfukoni. "Maana yake," alieleza, "ni kwamba limekwisha. Bado halijatokea, lakini halina tena wa kulizuia. Sisi tungesema limetiwa kibindoni."

"Kama timu yangu Jumamosi," alisema dereva wa gari la wagonjwa, ambaye hakukosa neno.

"Timu yako ina tundu kwenye mfuko," Kamusi akamjibu, na darasa likacheka.

Mama Shuka hakucheka. Aliandika, akapiga mstari, kisha akainua kalamu. "Mwalimu, samahani. Maana nimeielewa. Lakini husemwa wapi? Naweza kumwambia mtu yeyote? Hata mkubwa?"

Swali zuri, na kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa upande wa pili. Kamusi aliusikia usemi ule zamani, mara mbili au tatu, kutoka kwa wanaume waliolala kitini na taulo shingoni. Nani alikuwa akimwambia nani, na juu ya nini, hakupata kujua. Alitazama kioo, akaona nyuso nane zinamsubiri Mwalimu, na kinywa kikafunguka chenyewe.

"Popote," alisema. "Kwa yeyote. Tena kwenye usaili ndiyo mahali pake hasa. Wakikuuliza kwa nini wakuchague, waambie kazi hii imo mfukoni mwangu. Wazungu wanapenda mtu anayejiamini."

Mama Shuka aliyaandika yote hayo, neno kwa neno.

Kesho yake Jumanne alikuja mkalimani wa mahakamani kupunguza ndevu. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache nje ya kazi, kwa kuwa kazini alilazimika kusema ya watu wawili. Alikaa, akaona usemi wa jana, povu limekaukia kwenye pembe ya kioo, akatabasamu.

"Unawafundisha hadi hizi?"

"Hadi hizi," alisema Kamusi.

"Uwaonye basi. Hilo ni la kijiweni. Hulisema mtazamaji kwa mtazamaji mwenzake, kuhusu mpira, kuhusu uchaguzi. Au rafiki anamtia moyo rafiki. Lakini mchezaji hamwambii mwamuzi. Ukimwambia anayekuamua kwamba mambo yamo mfukoni mwako, umemwambia kazi yake ni bure, aondoke." Akafumba macho apakwe povu. "Nimeona mtu mmoja alimwambia hakimu. Hakimu hakufurahi."

Kamusi alicheka pamoja naye. Alimnyoa vizuri, akampangusa, akamsindikiza mlangoni. Kisha alirudi akaufuta usemi ule kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa polisi.

Sasa hapa ndipo msimuliaji anapotaka kumshika masikio. Kukosea ni kwa kila mtu. Angekosea Jumatatu, akasahihisha Jumatano, tungemsifu. Jumatano ilifika. Mama Shuka alikaa kiti cha katikati, nywele zimesukwa upya, usaili umebakiza siku mbili. Kamusi alilitayarisha neno tangu asubuhi, alilitia mdomoni kama kidonge, na kila alipotaka kulitema alimwona dereva pale kwenye benchi na tabasamu lake. Angesema nini? Kwamba Kamusi ina kurasa za kubuni? Akajiambia mama yule atakuwa amesahau. Ana mengi kichwani, atasema jina lake, atasema uzoefu wake, hatalifikia hilo. Akafundisha namna ya kupokea simu. Saa moja kasoro waliagana, na Mama Shuka akampa mkono, mkono uliochubuka kwa dawa.

"Niombee, Mwalimu."

"Nenda, mama yangu. Utashinda," akasema Kamusi. Hata hapo hakusema.

Jumatatu iliyofuata alirudi akiwa na kitambaa kile kile cha kazini, na harufu ile ile ya dawa. Walimzunguka wote. Alisema amekosa. Alichukuliwa binti mmoja kutoka nje.

"Nilikwenda vizuri mpaka swali la mwisho," alisimulia. "Kwa nini tukuchague wewe. Nikajibu kama tulivyofundishwa. Wakatazamana. Mama mmoja, mkubwa wao, akaandika kitu, akafunga faili, akasema asante. Nadhani nililimeza, Mwalimu. Ulimi ulikauka, sikulitamka sawasawa. Kosa langu."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, dada," dereva alimfariji, na mara hiyo hakuwa na mzaha.

Kamusi alikuwa akipangusa mashine ya kunyolea ambayo ilishakuwa safi. Kosa langu, alisema mama wa watu. Maneno mawili hayo yalimwingia kifuani na hayakutoka. Kila kikohozi alichokisikia mtaani, hata cha mzee asiyemjua, kilimfanya ageuke. Alijiona mwizi. Mwizi wa kawaida huiba akakimbia, lakini yeye aliiba akabaki pale pale anaitwa Mwalimu.

Mambo yakazidi. Baada ya wiki mbili yule binti wa mapokezi alimfuata mumewe mji mwingine, nafasi ikabaki wazi, na hoteli ikawaita tena waombaji wa awali, Alhamisi saa tatu. Mama Shuka aliingia darasani Jumatatu akiwa anang'aa. "Mungu hajanisahau. Safari hii silimezi." Akakaa mbele ya kioo, na darasa zima likamsikia akirudia usemi ule wa mfukoni, pole pole, kisha kwa nguvu, herufi kwa herufi, mkono mmoja kifuani kuzuia kikohozi. Kamusi alisikiliza kama anayesikiliza hukumu yake ikisomwa, akaahirisha tena.

Jumatano asubuhi mkewe alimkuta uani amekaa na kikombe kilichopoa. Kamusi alikuwa amemweleza yote wiki iliyotangulia, kwa kuwa mtu hawezi kuubeba mzigo kama ule peke yake chini ya paa moja na mkewe.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini? Akishakataliwa mara ya pili?"

"Unajua ninavyoonekana mbele ya watu wale."

Mkewe aliweka chini beseni la nguo. "Nakujua unavyoonekana mbele yangu, na bado naishi na wewe. Baba watoto, yule anakohoa. Wewe unaona haya. Havilingani hivyo viwili." Akachukua beseni lake akaenda kuanika, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Jioni ile darasa lilijaa. Mama Shuka alikuwa amekwisha kukaa, anaanza tena, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kamusi aliweka kitana chini.

"Mama, acha. Usiliseme hilo kesho."

"Bado sijalipatia, Mwalimu?"

"Unalitamka kuliko mimi. Tatizo si mdomo wako." Alitaka kumtazama usoni lakini aliweza kumtazama kwenye kioo tu. "Siku ile uliniuliza husemwa wapi. Sikujua. Nilitunga. Halisemwi mbele ya wanaokuamua, ni kama kuwadharau. Ndiyo maana walifunga faili."

Dereva alicheka, akidhani kuna kichekesho kinakuja. Hakikuja.

"Tena kuna baya zaidi," Kamusi aliendelea, maana alijua akisimama hapo hatamaliza. "Nililijua kosa kabla hujaenda. Jumanne mtu aliniambia. Jumatano ulikaa kiti hicho hicho, nikakutazama, nikanyamaza. Niliona haya kusema nilikosea. Nisamehe, mama yangu. Nimekutendea vibaya."

Mama Shuka hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu.

"Wiki tatu," alisema, "nawaambia wanangu mama yenu hana ulimi. Nafua mashuka huku nikijitukana. Mama yangu kitandani ananiambia basi mwanangu, kila mtu na riziki yake, na mimi namjibu hapana, nilikuwa nayo, nikaimeza." Alipumua kwa shida. "Na wewe ulikuwa unanisikia hapa."

"Nilikuwa nakusikia."

Akafunga daftari, akajitanda kitambaa chake, akatoka bila kuaga. Wengine walimfuata mmoja mmoja. Dereva, aliyekuwa wa mwisho, alisimama mlangoni akatafuta neno lake la kuchekesha, akalikosa, akasema usiku mwema na jua bado lilikuwa halijazama.

Alhamisi Kamusi alimkata mteja sikio. Si sana, lakini damu ilitoka, na kwa miaka thelathini haikuwahi kutoka. Ijumaa alifagia, akageuza kibao, akakaa kwenye benchi la wanafunzi. Alikuja mmoja tu, mzee wa duka la dawa ambaye hakuwapo Jumatano na hakuwa na habari. Kamusi alimweleza kisa chote yeye mwenyewe. Mzee akasikiliza, akatingisha kichwa, akasema basi leo anyolewe tu.

Jumamosi mchana, duka likiwa na mteja mmoja aliyesinzia kitini, Mama Shuka aliingia. Kamusi alisimama kama mtoto aliyefumwa.

"Nimepata," alisema.

Kamusi alishika ukingo wa kiti. "Umepata?"

"Waliniuliza swali lile lile. Nikawaambia kwa Kiingereza changu kibovu: nimefua mashuka ya hoteli hii miaka kumi na minne, kila chumba nakijua kwa madoa yake, najua mgeni gani hulala vizuri na yupi hugaagaa. Nikakosea maneno, yule mama mkubwa akacheka, akanisahihisha. Akasema naanza Jumatatu, saa moja asubuhi."

Furaha ilimjaa Kamusi mpaka machozi yakamlengalenga. Alitaka kusema hongera, alitaka kumpa kiti, alitaka kumwita mkewe. Kwa dakika moja nzima alihisi amesamehewa. Lakini mama yule hakukaa, wala hakutabasamu. Alitoa daftari lake akaliweka juu ya meza, kati ya povu na vitana, akalifungua.

"Humu mna semi arobaini na sita," alisema. "Nimezikariri zote. Jumatatu wageni watakuwa mbele yangu, na zinatoka zenyewe, siwezi tena kuzizuia. Sikuja kugombana. Nimekuja uniambie zipi ulizijua na zipi ulizitunga."

Kamusi alivaa miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye mstari, akakiinua. Alifungua wa pili. Usemi huu alikuwa na hakika nao, mzee mmoja mwenye upara alimwambia. Au ni yeye mwenyewe Kamusi aliyeumalizia? Na huu? Aliukumbuka alivyouandika kwa povu, aliikumbuka sauti yake mwenyewe, tulivu, isiyotetereka, na sauti ilikuwa moja kwa zote. Alipekua mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Mteja aliyesinzia alikoroma. Mama Shuka alisubiri, kalamu mkononi, tayari kuweka alama.

Kamusi alijaribu kukumbuka kwa bidii ya mtu anayetafuta kitu alichokipoteza mtoto wake, na hakukumbuka. Za kutunga alikuwa amezitunga vizuri mno, akaziamini.

"Sijui," alisema hatimaye. "Mama, sijui. Futa zote."

Mama Shuka aliyatazama maandishi yake mwenyewe, miezi minne ya jioni zake, yaliyopigiwa mistari kwa rula. Kisha akaanza na ukurasa wa kwanza, akakata usemi mmoja mmoja, na Kamusi akasimama pale akimtazama mpaka alipofika arobaini na sita.